Duara la Chaki kwenye Mguu wa Boti

Mwezi wa Mei mwaka wa 1997, mvua ikiwa haijakatika kwa siku nne, tulimzika Fundi, na mimi nikapoteza kelele. Kwa miaka tisa ukuta mmoja wa mabati ulitenganisha cherehani yangu na karakana yake pale Silibwet. Nilizoea nyundo, msumeno wa chuma, na sauti yake akigombana na nati iliyokataa kufunguka. Siku niliyorudi kazini baada ya mazishi niliketi kushona sare ya shule, nikasikia uzi ukipita kwenye kitambaa. Sikuwa nimewahi kuusikia.

Pale kaburini watu walisema mengi mazuri. Walisema alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Walisema hakugombana na mtu. Aligombana na kila mtu mwenye spana, na wengine wasio nayo. Mimi nataka kumwandika yule niliyemjua. Nataka pia kusema neno nililomnyima kwa miaka mitatu, kwa sababu kuna kosa ambalo Silibwet nzima ilimcheka kwalo, na nusu ya kosa hilo ilikuwa yangu.

Aliniita Karani. Nilifika darasa la saba, nikajua Kiingereza cha kuumauma. Yeye alisoma Kiswahili tu, polepole, akifuata maneno kwa kidole chenye grisi, kwa hiyo karatasi zake zote za Kiingereza zilipitia dirishani kwangu. Mimi nilimwita Fundi kama wote, ingawa naye mara nyingine alinikumbusha kwamba hata mimi ni fundi. "Sisi wawili ni mafundi," alisema, "lakini wewe ukikosea mtu anaaibika suruali tu."

Kitu kikipona mikononi mwake alikichorea duara la chaki. Pampu ya maji, jembe la trekta, jiko la mama wa hoteli, vyote vilitoka na duara. Kisicho na duara hakitoki, hata mwenyewe alie. Chaki zenyewe zilikuwa zangu, zile za bluu za kuchorea nguo. Alipitisha mkono kwenye pengo la mabati bila kusema tafadhali.

"Karani, chaki."

Ukiiweka kwenye kiganja kile, imeenda. Kwa miaka tisa hakurudisha hata moja.

"Fundi, chaki yangu iko wapi?"

"Iko kwenye kazi."

Na mtu huyohuyo alikuwa mzee wa kanisa aliyetuhubiria Jumapili juu ya kurudisha vya watu.

Kabla ya Silibwet alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja cha majani chai kule juu Mogogosiek, akitunza mashine za kukausha na za kusagia. Aliacha kwa sababu ya duara. Siku moja majani yalikuwa yamejaa, yanaanza kupata joto kwenye magunia, na mashine moja ilikuwa na ufa kwenye gia. Msimamizi alitaka iwashwe.

"Chora tu, Fundi. Ni chaki."

"Kama ni chaki tu, chora wewe."

Alirudi nyumbani siku hiyo na sanduku lake la vyombo kichwani, na hakuonekana tena kule. Hakuwahi kunisimulia habari hii kama mtu anayejisifu. Aliisimulia akiwa bado ana hasira, kana kwamba yule msimamizi amesimama mlangoni.

Aliogopa maji. Hilo nalo watu hawakulisema kaburini. Akivuka daraja la Nyangores alitembea katikati kabisa, mbali na kingo zote mbili, na gari likija alisimama papo hapo hata likimpigia honi. Hakujua kuogelea na hakutaka kujua. Ndiyo maana watu walicheka sana siku ile, Januari ya 1994, lori lilipoingia Silibwet likivuta boti.

Mwenye boti tulimwita Mzee wa Malori. Alikuwa Mkikuyu mwenye biashara ya usafirishaji mjini Kericho, na alikuwa amemwamini Fundi tangu miaka ile mibaya ya vurugu za kikabila, wakati vijana walizunguka wakisema watu waliotoka mkoa wa kati wasihudumiwe. Walifika hadi karakana. Nilikuwa nimeketi kwenye cherehani yangu, miguu imeganda.

"Hii geaboksi ni ya nani?" waliuliza.

"Ni ya lori."

"Lori la nani?"

"Lori halina kabila. Lina gia tano na ya tatu imevunjika. Nani kati yenu anajua kushika tochi vizuri?"

Walisimama kidogo, wakatazamana, wakaondoka. Fundi aliendelea kufungua. Baadaye aliomba chaki, ikamponyoka mara mbili kabla hajaishika.

Basi boti ilisimama mbele ya karakana, nyeupe, ndefu, pua yake kama ya nyoka, katikati ya akina mama waliotoka kuuza majani na vikapu mgongoni.

"Hii itavuka wapi, Nyangores?" mmoja aliuliza.

"Itavuka matope ya hapa," mwingine akajibu. "Fundi ataendesha, akifumba macho."

Fundi alikuwa amechuchumaa nyuma ya boti, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Nitaeleza nilivyoelezwa. Kwenye boti ya aina ile injini inakaa ndani, nyuma kabisa. Yake ilikuwa ya petroli, silinda nane, kubwa kuliko ya lori. Nje, kwenye ukuta wa nyuma, kuna mguu wa chuma unaoshuka majini. Nguvu inatoka kwenye injini, inapita ukutani, inageuka, inashuka ndani ya mguu, inageuka tena chini, ndipo inazungusha propela. Kila inapogeuka kuna gia. Mzee wa Malori alishindana mbio ziwani kule Kisumu, na mguu wa boti yake ulikuwa umevunja gia mara ya tatu.

Alikuja na fundi mwingine kutoka mjini, kijana wa ovaroli safi, aliyefanya kazi na boti tu. Yeye alikuwa na jibu tayari. Yeye mwenyewe alitunza boti nyingine, ya mshindani wa Mzee wa Malori, na aliifungia mguu wenye propela mbili, moja nyuma ya nyingine, zinazozunguka kinyume.

"Hizi zinashika maji," alisema. "Boti inanyanyuka haraka, inakwenda moja kwa moja, haivuti usukani upande. Mzee, huu ndio mguu wa kisasa."

"Ni mguu mzuri," Fundi akasema. "Wa poti ya familia."

Fundi alisema "poti" maisha yake yote. Yule kijana akacheka akimtazama Mzee wa Malori. "Mzee, huyu hata kuitamka hawezi."

"Kuitamka si kuitengeneza," Fundi akasema. Kisha akaokota kijiti, akachora kwenye vumbi.

Alisema mguu uliovunjika haukuwa mbaya. Ulikuwa mwembamba, wa injini ndogo, na mtu alikuwa ameufungia injini ya simba. Ule wa propela mbili ungenyanyuka haraka kweli, na kwenye kona ungeshika. Lakini vyuma vingi vilivyo ndani ya maji vinavuta nyuma boti ikishakwenda kasi sana, na fimbo moja inayozunguka ndani ya nyingine ni gia zaidi za kuvunjika. "Ng'ombe wawili wanalima vizuri," alisema, "lakini hakuna anayeshindana mbio na ng'ombe wawili." Alitaka mguu wa tatu: propela moja, gia nene, pua ya chini iliyochongoka, unaofungwa juu kidogo ili propela ifanye kazi karibu na uso wa maji, na maji ya kupoza injini yaingie kwenye pua, kwa sababu matundu ya ubavuni yatakuwa yananyonya hewa.

"Na ile ambayo fimbo yake inatoka nyuma moja kwa moja, propela nusu iko nje?" kijana akauliza, akimjaribu. "Hiyo unaijua?"

"Nimeiona kwenye picha ya gazeti la Karani. Ni ya poti kubwa. Ukiwa polepole inasumbua, na kurudi nyuma haijui. Hiyo ni ya mtu asiyejutia kitu."

Mzee wa Malori alicheka mpaka akashika tumbo. Kijana hakucheka.

"Umejifunzia wapi boti, Fundi? Kwenye majani chai?"

"Ndiyo. Gia ni gia. Haijui kama iko majini au iko jikoni."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomponza, lakini siku ile lilisikika tamu. Mzee wa Malori aliamua mbele ya watu wote. Angenunua mguu wa tatu kwa neno la Fundi, na Silibwet nzima ilijua kwamba kwenye mguu ule limefungwa jina la Fundi.

Ulikuja umetumika, ndani ya sanduku la mbao, pamoja na kijitabu cha Kiingereza. Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Mlangoni kwangu palikuwa na wazazi wamepanga foleni wakisubiri sare, na Fundi upande wa pili wa mabati akisema, "Soma, Karani, soma." Nilisoma nikikanyaga cherehani. Vipimo nilimpa. Aina ya mafuta nilimpa. Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na mstari umeandikwa kwa herufi nzito, na ndani yake maneno mawili sikuyajua. Ningeweza kumwambia, "Hapa sijaelewa." Niliona aibu mbele ya wale wazazi. Nikaruka, nikaendelea na mstari uliofuata kwa sauti ileile.

"Ni hayo tu?" Fundi akauliza.

"Ni hayo tu."

Sasa, kule kiwandani kila geaboksi ina tundu dogo la kupumulia. Mashine ya kukausha majani ni moto, mafuta yanavimba, na bila tundu yanasukuma nje mipira inayoyazuia. Fundi yeyote wa majani chai anajua hilo kama anavyojua jina lake. Akaugeuza mguu wa boti huku na huku, akatafuta tundu, asilione. Alikasirika. "Hawa watu wamesahau pumzi," alisema. Akachukua drili, akatoboa juu, kwenye bega la mguu, safi kabisa. Akapiga rangi. Akaomba chaki, akachora duara.

Nilikwenda nao ziwani kwa sababu nilikuwa nimeshona vifuniko vya viti. Asubuhi boti ilikwenda kama kitu kilichotupwa. Fundi alisimama mbali na maji, amevaa gambuti, kofia mkononi, nami nikamwona akihesabu kitu kwa vidole. Mchana walipumzika kula samaki. Boti ilikaa majini imetulia, mguu ukapoa, mafuta yakanywea, na kupitia lile tundu ukavuta maji kama ndama anavyonyonya. Walipoiwasha tena haikufika mbali. Sauti ya gia zile tuliisikia kutoka ufukweni.

Wakaivuta mpaka pua ikapanda mchangani, nyuma ikabaki majini, wakauinua mguu, wakafungua nati ya chini. Yakatoka mafuta meupe, mazito, ya rangi ya kahawia kidogo. Yule fundi wa mjini alikuwa amekuja kutazama. Akakinga kikopo, akakiinua juu.

"Chai tayari! Nani anataka sukari?"

Watu walicheka. Mzee wa Malori hakucheka. Alimtazama Fundi. Na nilijua kwamba Fundi angeweza kusema mguu ulikuwa wa zamani, au kijitabu hakikusema. Alivua kofia akaiweka chini, akaingia kwenye maji na gambuti zake, yeye anayeogopa maji, mpaka yakafika magotini, akashika mguu ule kwa mikono miwili.

"Nilitoboa mimi," alisema kwa sauti ya kufika mbali. "Tundu hili ni langu. Mguu hauna kosa. Asiseme mtu kwamba mguu huu ni mbaya."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi nyuma na vifuniko vya viti mikononi. Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Wiki ile nilimpelekea mwalimu mmoja jirani kile kijitabu, akanisomea mstari nilioruka. Ulisema nyumba ya gia imefungwa, mtu asitoboe popote, kwa sababu mguu unalala ndani ya maji. Nilikikunja kijitabu nikakiweka chini ya vitambaa.

Silibwet ilimpa jina jipya: Chai ya Maziwa. Watu walipeleka pampu zao Bomet mjini. Mtu mwingine angekaa nyumbani. Yeye kila siku saa nne aliingia kwenye hoteli iliyojaa, akaketi katikati, akapaza sauti: "Mama, niletee mafuta ya poti! Kikombe kikubwa!" Aliyanywa polepole huku akiwatazama wacheshi mmoja mmoja usoni. Baada ya wiki tatu hakuna aliyecheka tena, maana mzaha alikuwa ameunywa wote.

Mzee wa Malori alikuja kuuchukua mguu. Alisema ameshauriwa anunue ule wa propela mbili.

"Nunua," Fundi akasema. "Lakini huu uache hapa nimalize. Kitu changu hakitoki bila duara."

"Na kama ukiharibika tena?"

"Basi utanichora mimi duara, unipeleke kwa vyuma chakavu."

Mzee wa Malori aliuachilia mguu wa boti. "Fundi, wewe hukunifungia mlango miaka ile," alisema. "Maliza."

Fundi alibadilisha beringi, akasugua gia, akaziba lile tundu kwa boliti na kulichomea. Kisha akataka kuhakikisha, na kwa hilo alihitaji maji mengi. Alikwenda kwenye josho la ng'ombe. Siku isiyo ya kuogesha mifugo, yeye na mimi na watu wawili tuliubeba mguu ule, tukaufunga kamba, tukaushusha kwenye dawa ya kupe. Aliunganisha pampu ya baiskeli mahali pa kutilia mafuta, akajaza hewa ndani. Kama kuna upenyo, povu lingepanda. Alilala kifudifudi kwenye ukingo wa josho, uso karibu na maji yale yanayonuka, akayatazama tangu asubuhi hadi jua lilipofika utosini. Wafugaji walipita wakisema Chai ya Maziwa sasa anaogesha chuma. Hakuinua kichwa.

"Karani, unaona povu?"

"Sioni."

"Angalia vizuri. Mimi macho yangu yana upendeleo."

Sikuona hata moja. Akainuka, akanyoosha mkono. Nikampa chaki.

Mara ya pili ziwani boti yetu ilisimama kando ya ile ya mshindani, ya propela mbili. Sitadanganya juu ya yaliyotokea. Ile nyingine iliondoka kwanza, ikanyanyuka haraka, kama kijana yule alivyosema. Kwenye kona ya kwanza iliongeza nafasi. Lakini kwenye mstari mrefu yetu iliinuka mpaka ukaona karibu tumbo lote, ikaifikia, ikaipita, na ikawa ya kwanza kurudi. Walipumzika mchana, wakaiwasha tena jioni, ikaenda vilevile. Wakafungua nati ya chini. Mafuta yalitoka safi.

"Lakini kona tumekushinda, Fundi," fundi wa mjini akasema.

"Nilisema mbio. Sikusema kona."

Wakashikana mikono. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akishikana mkono na mtu aliyemtukana. Mzee wa Malori alimwita apande boti, azungushwe kidogo, walau mara moja. Alikataa. Alisema aliahidi mguu, hakuahidi mwili.

Kazi zilirudi, na wale wa pampu walirudi pia, wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Aliwahudumia, ila aliwafanya wasubiri nje kwenye jua. Jina lile halikufa kabisa. Hata kabla ya kuugua, mgeni akiuliza karakana iko wapi, mtu angesema ni kwa Chai ya Maziwa, na mimi nilisikia hilo kila mara likipita kwenye mabati na kuniingia.

Kifua kilimshika mwanzoni mwa 1997. Alilazwa hospitali ya Kaplong. Wiki moja kabla hajafa nilikwenda kumwona, na kijitabu nilikibeba ndani ya kitambaa. Alikuwa amekonda, amelala upande, lakini alikuwa akimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili kwa nini gurudumu la kitanda chake linalia.

Nilimsubiri amalize. Kisha nikamwambia. Nilimwambia habari ya foleni ya wazazi, maneno mawili nisiyoyajua, aibu, na kwamba niliruka. Nikamwambia ufukweni nilisimama kimya. Nilifungua ukurasa nikamsomea mstari ule kwa Kiswahili, wote.

Akaweka kidole kwenye mstari.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Ungenisomea siku ile," alisema, "ningetoboa tu. Mimi nilijua geaboksi inapumua. Kijitabu kingeniambia nini?"

"Fundi, usinifiche."

"Nimewahi kukuficha?"

Sijui mpaka leo kama alisema kweli au alinionea huruma. Hakuwa mtu wa huruma ya uongo. Lakini pia sijawahi kumwona akisomewa onyo akalipuuza.

Kisha akatoa mkono kwenye blanketi, kiganja juu, kama alivyofanya miaka yote kwenye pengo la mabati.

"Karani, chaki."

Nilikuwa nayo kwenye mfuko wa aproni, ya bluu, kipande. Akachukua kijitabu, akakiegemeza gotini, akachora duara pembeni ya mstari ule. Duara halikufunga vizuri upande wa chini. Alilitazama, akarudia pale palipokuwa wazi mpaka likafunga.

Akanirudishia kijitabu. Chaki akaiweka chini ya mto.